Baba Mkwe, Nilikusikia Ukikohoa

Baba,

Naanza kwa kukuomba radhi kwa neno hilo la juu, kwa sababu sikuwahi kukuita hivyo ukaitika. Miaka tisa niliyokuwa mke wa mwanao Magesa, sikuwahi kukutazama usoni nikasema neno likafika kwako moja kwa moja. Maneno yangu yalipitia kwa mama mkwe, au kwa Magesa, au kwa watoto. Nilikuwa nageukia ukuta na kusema, "Mama, mwambie baba uji umeiva," na wewe, hatua tano kutoka pale, ulikuwa unamjibu mama, "Nimesikia." Leo nakuandikia wewe mwenyewe, mbele ya watu wote wanaosoma blogu hii. Kama nakosa adabu, utanikoholea.

Wasomaji wa mbali hawatanielewa, kwa hiyo nivumilie niwaeleze. Huko kwenu, nje kidogo ya Bunda, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani ovyo. Hawali pamoja, hawakai pamoja, hawaitani majina. Mimi ni mtoto wa Butiama, binti wa mwinjilisti, na baba yangu mzazi alikuwa mtu wa kukaa meza moja na kila aliyepita, hata asiyemjua. Nilipofika kwenu nikaona kama nimeingia kwenye nyumba yenye mstari uliochorwa chini, na kila mtu anauona isipokuwa mimi. Mama mkwe alinikalisha jikoni akanieleza taratibu, huku anachambua mchicha.

"Kiti kile cha baba usikikalie. Usile mahali atakuona. Mkikutana njiani, wewe ndiyo unatoka."

"Natoka niende wapi?"

"Majanini. Na ukimsikia anakohoa, ujue anakuja. Sogea."

"Na kama nimebeba maji, mama?"

"Sogea na maji yako."

Basi nikajifunza kikohozi chako. Kilikuwa kimoja, kifupi, kikavu, cha mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Kikitoka upande wa zizi, mimi naingia jikoni. Kikitoka njia ya kisimani, mimi napanda kile kichuguu na kutazama mashamba mpaka upite. Mwanzoni nilikichukia. Nilimwambia Magesa kwamba baba yako ananifukuza kama kuku. Alicheka akasema, "Anakupa nafasi. Angekuwa na ubaya angenyamaza akukute." Miaka ilivyokwenda nikaanza kukipenda. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya pamba na mimi nachochea moto, nilikuwa nakisikia kinakaribia taratibu, nikajua baba ameamka, ng'ombe wapo, siku imeanza. Nilikuwa nasogea huku natabasamu, na sidhani kama uliwahi kujua.

Huku Musoma, kama unavyojua, nina steshenari karibu na soko. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, nalaminisha vyeti. Kati ya mteja na mteja kuna ukimya mrefu, na siku moja katika ukimya huo nikafungua blogu. Nilitaka kuandika habari za imani kama nilivyozisikia sebuleni kwa baba yangu, bila kelele na bila kumtisha mtu. Nilidhani watu watafurika. Wiki ya kwanza walikuja wasomaji wanne, na wawili kati yao walikuwa mimi, mara moja kwenye simu na mara moja kwenye kompyuta.

Kazi hii ina uchungu wake ambao sikuwahi kumwambia mtu. Unaandika juu ya maombi wiki ambayo wewe mwenyewe hujapiga goti. Unaandika juu ya upole, na asubuhi umetoka kumfokea mtoto kwa ajili ya soksi. Mmoja anauliza nani amekutuma kuhubiri, umesomea chuo gani. Mwingine anakudai andiko kila Jumapili kama vile ulimwahidi. Na kuna siku unaandika jambo lililotoka moyoni kabisa, unalituma, kunakuwa kimya. Unakaa unatazama kipande cha ziwa kinachoonekana mlangoni, hadi mteja anakuuliza kama mashine imeharibika.

Lakini ina utamu wake pia. Mama mmoja wa Buhare, muuza dagaa, alikuja kutoa fotokopi ya kadi ya kliniki akanikazia macho. "Wewe ndiyo yule unaandikaga?" Nikakubali kwa hofu. Akasema alikuwa hajasalimiana na dada yake tangu msiba wa mama yao, na baada ya kusoma andiko langu moja alivuka barabara akamsalimia. "Alinijibu vibaya," akasema, "lakini nilivuka." Siku hiyo nilifunga duka mapema nikaenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameinuka mbali kama moshi, unakwenda taratibu juu ya maji bila moto wowote chini yake, na mimi nikakaa pale kama mtu anayeota macho yakiwa wazi. Nilifurahi, Baba. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Na kulikuwa na msomaji mmoja. Wewe unamfahamu kuliko mimi, ila vumilia nimweleze. Wengine waliandika Amina, waliandika Barikiwa mtumishi, waliweka maua na mikono ya maombi. Huyu, chini ya kila andiko, aliandika neno moja, "Nimesoma," na mbele yake mahali alipo, "Bunda." Basi. Niliandika juu ya mimba yangu iliyoharibika, ukurasa mzima wa machozi. "Nimesoma. Bunda." Niliandika kichekesho cha kwaya iliyosahau wimbo katikati ya ibada. "Nimesoma. Bunda." Nikaanza kuudhika. Nilidhani ni kijana wa ofisini ananidhihaki, au mwalimu mstaafu anayekosa madaftari ya kusahihisha. Siku moja mwishoni mwa andiko nikamchokoza mbele ya watu: "Na wewe ndugu yetu wa Bunda, leo sema hata Amina." Nusu saa haikuisha. "Nimesoma. Bunda."

Nilicheka peke yangu dukani. Tangu siku hiyo nikawa namsubiri. Maoni yote ya blogu hii yanapita kwangu kwanza, na nisipobonyeza kuyaruhusu hayaonekani. Niliweka utaratibu huo baada ya mtu mmoja kumwaga matusi. Kwa hiyo kila nilipofungua ukurasa wa maoni yanayosubiri ruhusa, jicho lilikwenda kutafuta neno lake kwanza. Andiko ambalo hajalitia neno lake niliona bado halijafika.

Kuna mara niliandika kwa utani juu ya kutafuta mtandao kijijini. Nilisema pale ukweni kwangu mtandao unapatikana mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, na mtumishi wa Mungu inabidi asimame juu ya jiwe kwa mguu mmoja kama korongo. Mwaka uliofuata tulipokuja kuvuna pamba nikakuta benchi. Lilikuwa gogo la mgunga lililochongwa juu likawa laini, miguu yake imezamishwa ardhini vizuri, limewekwa kando ya jiwe lile lile, penye kivuli. Nilimuuliza mama mkwe benchi hili ni la nini.

"Baba yenu ameamua tu," akasema.

Nikadhani ni la kuanikia muhogo. Siku mbili zikapita hakuna aliyeanika, nikalikalia.

Sasa nifike kwenye siku ile. Nimeizunguka vya kutosha.

Ilikuwa saa tisa alasiri, joto lile linalofanya shamba zima lionekane linaelea. Pamba ilikuwa imepasuka yote, nyeupe mpaka macho yanauma. Wengine walikuwa shambani, mimi nimerudi kupika. Maharage yalikuwa motoni, na mimi nimekaa kwenye benchi na simu yangu, naandika. Na nilichokuwa naandika, Baba, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilikuwa naandika habari ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani, na watu wa dini wakapita upande mwingine. Nilikuwa na maneno makali kweli juu ya wale watu wa dini.

Nikasikia kikohozi kutoka upande wa zizi. Nikainuka, nikasogea hadi nyuma ya ghala, nikasubiri upite. Hukupita. Ukakohoa tena, mara mbili. Nikajisemea, leo baba ana haraka, labda anataka kupita huku kwenye ghala. Nikasogea zaidi, hadi ukingo wa shamba, nikageuza mgongo kama nilivyofundishwa. Ukakohoa mara ya tatu, safari hii kwa muda mrefu, na mimi nikaingia kabisa ndani ya pamba, ikanifika kiunoni, nikasimama huko nikijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote wa Bunda. Kwa bahati mtandao ulikuwepo na pale. Nikamalizia andiko langu, nikalituma.

Mama mkwe ndiye aliyekukuta, alipokuwa anarudi na mzigo wa pamba kichwani. Ulikuwa umekaa chini penye mlango wa zizi, umeshika nguzo, kifua kimekubana, na sauti iliyobaki ni kikohozi tu. Nilimsikia akipiga kelele nikakimbia. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilipokaribia nilisimama kwanza, kwa sababu sikujua kama naruhusiwa kukushika. Wewe nawe hukuweza kuniita, kwa sababu baba mkwe hamwiti mkwe wake kwa jina. Kikohozi ndilo neno pekee tulilokuwa nalo, na kila uliponiita kwa neno hilo mimi nilikwenda mbali.

Jioni hiyo, tukiwa hospitalini Bunda kwenye benchi jingine, simu yangu ilijaa pongezi. Waliandika kwamba andiko ni la moto, limewagusa, Bwana akuinue. Ndugu yetu wa Bunda hakuwepo. Nililiona hilo nikashangaa kidogo, halafu muuguzi akatuita.

Baadaye walikuleta Musoma, na ulipotoka hospitali daktari akataka ukae karibu. Ndivyo ulivyokuja kwetu Bweri, hapahapa Musoma. Najua halikuwa jambo dogo kwako, kulala nyumbani kwa mwanao, paa moja na mkwe. Magesa alikupa chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje, mama mkwe akatundika pazia kwenye mlango wa ndani, na tukaishi hivyo wiki sita, wewe upande wako wa pazia na mimi upande wangu. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia kwa dirisha lako na kulisukuma pazia lile likajaa, kisha likarudi, mchana kutwa, na mimi nikipita na ndoo nilikuwa naona kama nyumba yenyewe ndiyo inayopumua.

Uji wako niliuweka kwenye kigoda kando ya pazia. Siku ya kwanza mama mkwe alikuwa bombani, nikakosa mtu wa kumtuma akuambie umefika. Nikasimama pale na mikono yangu. Halafu nikakohoa. Kimoja, kifupi. Na wewe ukakohoa kutoka ndani, na baada yake nikasikia kitu ambacho miaka yote ile sikuwahi kukisikia. Ulikuwa unacheka, polepole, kwa sababu ya kifua. Tangu hapo tukawa tunasalimiana hivyo kila asubuhi.

Lakini lile jambo sikuweza kulisema. Kila nilipoweka uji nilijiambia leo ndiyo leo, kisha nikakohoa na kuondoka. Ningeanzia wapi? Nimtume mama mkwe aje akuambie kwamba mkweo anasema alikusikia siku ile akasogea? Na sikujua hata kama ulijua kwamba nilikuwepo. Labda ulidhani nyuma ya jiko hapakuwa na mtu. Hilo ndilo nililotaka kulijua kuliko chochote, na ndilo nililoliogopa: kama ulijua nilikuwa pale.

Asubuhi moja dukani nikaandika. Niliandika yote, benchi, simu, pamba, na ile adabu yangu. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji. Mwishoni niliomba msamaha kwa mzee ambaye sikuwa na mdomo wa kumwomba. Nikalituma haraka kabla woga haujanishika.

Kufika saa saba mchana nilikuwa natamani nisingezaliwa na vidole. Mmoja aliandika kwamba mimi ni muuaji mwenye Biblia. Mzee wa kanisa letu alinipigia simu, akaongea kwa ule upole unaochoma. "Mama Nyangeta, watu wanatafutaga ushuhuda wa kuwajenga. Huu unajenga nini?" Magesa alilisoma akiwa kazini, akaja hadi dukani akasimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

"Umemwanika baba yangu," akasema. "Halafu na mimi nasoma pamoja na watu baki, kama mpita njia."

Alichosema ni kweli. Nilikuwa nimewaambia watu wote kabla sijamwambia mume wangu. Nikalificha andiko mbele ya macho yake. Maoni yaliyokuwa yanasubiri ruhusa sikuyafungua. Nilidhani ni mawe matupu, na nilikuwa nimeshapigwa ya kutosha siku hiyo.

Kesho yake asubuhi niliweka uji nikakohoa. Ulikohoa mara mbili badala ya moja. Nikadhani kifua kimezidi, nikamwambia mama mkwe akupe dawa. Siku iliyofuata vilevile, mara mbili. Na siku ya tatu.

Siku ya nne ulituacha, alfajiri. Mimi sikuwa najua, nilikuwa jikoni nakoroga. Nikaja na bakuli, nikaliweka kwenye kigoda, nikakohoa. Pazia lilijaa upepo likarudi. Nikakohoa tena. Mama mkwe akatoka, akanichukua mkono, akanipitisha upande wa pili wa pazia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokutazama usoni. Una baka dogo juu ya nyusi. Mwanangu Nyangeta analo hapohapo, la kuzaliwa, na siku zote nilikuwa najiuliza amelitoa wapi.

Tulikurudisha kwenu, tukakulaza karibu na zizi kama ulivyotaka. Baada ya matanga watu wangu wa blogu walianza kuniuliza faraghani jambo moja: mzee aliokoka? Wengine walinipa kabisa na namna ya kuandika, kwamba siku ya mwisho ulinyoosha mkono ukaomba maji ya ubatizo. Hukunyoosha. Ulikuwa unaamka alfajiri, unasimama penye zizi, unatema mate kidogo kuelekea jua linapotoka na kusema maneno yako, na mimi jikoni nilikuwa nasema yangu, nikikutaja. Mungu aliyasikia yote mawili saa moja, na alichofanya nayo mimi sijui. Ningeandika kwamba uliokoka ningepata wasomaji wengi sana. Sikuandika. Sikuandika kwamba hukuokoka pia. Sikuandika neno lolote miezi saba.

Katika miezi hiyo nilikuwa nakuota. Hazikuwa ndoto za kutisha. Shamba la pamba lilikuwa limekuwa ziwa, jeupe, limetulia, na wewe ng'ambo unakohoa, na mimi naanza kuja kwako lakini miguu inakwenda kinyumenyume, polepole, bila maumivu, hadi nafika dukani kwangu Musoma na mteja ananiuliza bei ya kulaminisha. Mchana nao ulikuwa hauna tofauti kubwa na ndoto. Mashine inatoa mwanga wake chini ya karatasi, mwanga unakwenda na kurudi, na mimi nasikiliza. Mzee yeyote akikohoa sokoni nilikuwa naacha kazi na kutoka mlangoni.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja Bweri. Alileta karanga, alileta salamu za majirani, na tulipokwisha kula akafungua fundo la kitenge akatoa simu yako.

"Hii nampa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani, mama?"

"Wewe. Baba yenu alikuwaga anasomea mambo yako humu. Ukiandika tu, anavaa miwani, anaenda kukaa pale zizini, hataki kusemeshwa."

Nilimtazama nikidhani uzee umeanza. "Baba alikuwa anasoma blogu yangu?"

"Anasoma, halafu anakujibu. Nilimwambiaga, mbona jibu lako fupi hivyo, mtoto wa watu kaandika kurasa nzima? Akasema mkwe haongeleshwagi maneno mengi. Akasema alipokuwa karani wa mizani, akisoma uzito wa pamba ya mtu anaandika amesoma, anaweka na kituo chake. Mwenye pamba anaenda nyumbani ameridhika."

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, nikajikuta niko sakafuni. Kumbe ulikuwa wewe. Mimba yangu uliisoma wewe. Kwaya uliisoma wewe. Uliyechokozwa aseme Amina, mbele ya watu, na mkwe wake mwenyewe, ni wewe. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka Nyangeta akaja kuangalia.

"Mama," nikasema, "na lile benchi?"

"Si nilikwambia? Aliamua tu."

"Na hapa Bweri, simu alikuwa nayo?"

"Chini ya mto."

Sikumuaga hata. Nilipanda bodaboda hadi dukani, nikafungua kompyuta, nikaenda kwenye ule ukurasa niliouacha umefungwa. Maoni yalikuwa yanasubiri pale miezi saba. Nikayapitia moja moja. Kweli mengine yalikuwa mawe. Mengine yalikuwa ya watu waliolia na mimi, na mama wa Buhare alikuwemo. La mwisho lilikuwa limefika mchana ule ule, muda mfupi kabla Magesa hajasimama mlangoni.

"Nimesoma. Nilijua upo. Siku nyingine usisogee. Bunda."

Maneno saba, Baba. Kwako wewe hiyo ni hotuba. Na ulikuwa Bweri, kitanda chako na jiko langu vimetenganishwa na ukuta mmoja, lakini uliandika Bunda, kama karani asiyebadilisha kituo.

Nililisoma mpaka herufi zikaanza kuelea. Halafu nikaelewa na lile jingine, na hilo lilinivunja zaidi. Asubuhi tatu ulikohoa mara mbili badala ya moja. Ulikuwa unaniuliza kama nimesoma. Jibu lako lilikuwa linangoja nibonyeze tu, na mimi nikakutumia dawa ya kifua.

Nilimwonyesha Magesa jioni. Alisoma, akarudia, akaweka simu kifudifudi mezani akafuta uso wake kwa kiganja. "Lirudishe," akasema. Kwa hiyo jana nimelirudisha lile andiko, lote kama lilivyokuwa, na chini yake nimeruhusu maneno yako. Yako pale, watu wanayaona. Mzee wa kanisa amepiga simu tena. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba sijui linajenga nini, ila msomaji wangu ameshalisoma.

Pamba ikipasuka tutakuja. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba benchi lisiguswe, hata muhogo ukinyeshewa. Nitakaa pale alasiri, saa ile ya shamba kuelea, niandike, na nikisikia chochote kutoka upande wa zizi, hata ikiwa ni ndama tu, nitainuka niende hukohuko.

Lala salama, Baba. Umeniacha na wasomaji wengi, na nafasi moja chini ya kila andiko ambayo kila mara nitaiangalia kwanza. Nisamehe kuchelewa kwangu. Jibu langu ni fupi, kwa sababu ndivyo ulivyonizoeza.

Nimesoma. Sisogei.

Mkweo,
Mama Nyangeta. Bweri.